Auvergne au Cévennes? Ukiwa na wiki moja katika milima ya ndani ya Ufaransa

Kila mwaka ikikaribia Juni napigiwa simu zile zile. Binamu aliyepata viza ya Schengen kwa taabu na hataki kuimalizia yote Paris. Rafiki wa Muscat anayekimbia joto na watoto watatu. Shemeji wa Birmingham anayetaka milima, ila Alps anaiona ghali mno na imejaa watu. Wote nawaelekeza Massif Central, ile milima mikongwe iliyokaa katikati ya Ufaransa kuelekea kusini. Hapo ndipo linapokuja swali gumu: Auvergne au Cévennes?

Nimezizunguka zote mbili kwa treni, kwa gari la kukodi na kwa miguu. Kwenye ramani zinakaribiana, na watu huzichanganya. Lakini Auvergne ni nchi iliyoumbwa na moto wa chini ya ardhi, na binadamu akaja kufuga juu yake. Cévennes ni mlima ambao wenyewe haukutoa kitu, na kila shamba utakaloliona pale lilijengwa jiwe kwa jiwe. Mgeni anayetafuta kuona na mgeni anayetafuta kuelewa hawaendi mahali pamoja.

Kwanza, msomaji wa Nairobi asidanganywe na vipimo. Mji wake uko karibu m 1,800 juu ya usawa wa bahari, wakati kilele cha juu kabisa cha Cévennes, kwenye Mont Lozère, ni m 1,699. Cha Auvergne, Puy de Sancy, ni m 1,886. Yaonekana si kitu, lakini huku ni mbali na ikweta. Theluji hulala vileleni miezi kadhaa, na hata Julai usiku unahitaji sweta.

Ardhi yenyewe

Auvergne inajionyesha mapema. Ukiwa Clermont-Ferrand, mji uliojengwa kwa jiwe jeusi la volkano hadi kanisa lake kuu, ukitazama magharibi unaiona Puy de Dôme imesimama juu ya mapaa. Kaskazini na kusini mwake zimepangana volkano ndogo karibu 80, kwa zaidi ya kilomita 30. Nyingine zina kasoko kamili lililoota majani hadi ndani, kama bakuli la kijani. Puy de Pariou ni ya namna hiyo: unapanda kwa miguu, unauzunguka ukingo, na chini kule watu wanaonekana kama siafu. UNESCO iliuweka mlolongo huu kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2018. Aliyekulia Goma chini ya Nyiragongo aondoe hofu, kwa sababu hapa hakuna moshi. Mlipuko wa mwisho, ule uliochimba shimo la ziwa Pavin, una karibu miaka 7,000.

Puy de Dôme yenyewe ina m 1,465, na tangu 2012 treni ya magurudumu ya meno inakupandisha juu kwa robo saa tu. Kule juu kuna mabaki ya hekalu la Warumi la mungu wao Mercury. Kuna pia kisa ninachokipenda. Mwaka 1648, mwanasayansi Blaise Pascal, mzaliwa wa Clermont, alitaka kujua kama hewa ina uzito. Hakuwepo mwenyewe, akamwandikia shemeji yake Florin Périer. Tarehe 19 Septemba Périer aliacha mrija mmoja wa zebaki katika bustani ya watawa mjini, mtawa mmoja akiutazama kutwa nzima, naye akapanda mlima na mrija mwingine. Juu, zebaki ilikuwa imeshuka karibu sm 8. Ule wa bustanini haukusogea. Vipimo vya hewa tunavyosikia kwenye utabiri wa hali ya hewa vinatokana na safari ile ya kutwa moja, na mlima alioupanda Périer ndio huu unaopandwa leo na bibi mwenye mkongojo.

Ukiendelea kusini unafika Cantal. Huko si vilima vingi bali mabaki ya volkano moja kubwa mno, kubwa kuliko zote Ulaya kwa eneo, iliyolipuka kwa mamilioni ya miaka, ikabomoka, kisha barafu ikaichonga. Mabonde yanatawanyika kutoka katikati kama njiti za gurudumu la baiskeli. Simama juu ya Puy Mary, m 1,783, na utayaona yote kwa kugeuza shingo. Gari linafika hadi Pas de Peyrol, chini kidogo ya kilele, kisha ni ngazi. Majira ya baridi barabara hiyo hufungwa kwa theluji.

Cévennes haijionyeshi hivyo. Ukiingia kutoka mji wa Alès unaona migongo ya milima imefuatana, mmoja nyuma ya mwingine, yote imevaa msitu, na barabara inapindapinda hadi aliyekaa nyuma anaomba msimame. Mawe ni ya aina tatu. Juu ya Mont Lozère ni matale (graniti), mabonge ya mviringo kama migongo ya ndovu. Katikati ni shisti, jiwe la bapa linalopasuka kwa tabaka, ambalo ndilo ukuta na ndilo paa la kila nyumba. Magharibi ni nyanda kavu za mawe ya chokaa zilizokatwa na makorongo ya mito ya Tarn na Jonte, ambako tai mzoga waliokuwa wametoweka walirudishwa kuanzia 1981 na leo wanazunguka angani kwa makundi.

Sasa tazama mteremko wowote kwa makini. Chini ya miti utaona mistari iliyolala, mmoja juu ya mwingine. Ni kuta, zilizojengwa bila saruji wala udongo, kushikilia vipande vya shamba visivyozidi upana wa chumba. Mtu wa Usambara atazitambua mara moja. Wenyeji wanaziita bancels au faïsses. Mvua ikibomoa ukuta, mawe yalikusanywa na udongo uliotelemka ulipandishwa tena juu kwa kikapu mgongoni.

Na mvua inabomoa kweli. Mwisho wa majira ya joto, hewa ya moto na maji mengi kutoka Mediterania husukumwa na upepo wa kusini, ikagonga milima hii, ikapanda na kupoa, ikamwaga yote mahali pamoja. Wafaransa huiita "épisode cévenol". Septemba 2002, mji wa Anduze ulipata zaidi ya mm 600 ndani ya saa 24. Dar es Salaam hupata kama mm 1,100 kwa mwaka mzima. Mito ilifagia magari, nyumba na watu. Hili si la kukutisha, ila ukienda Septemba au Oktoba soma tahadhari ya idara ya hali ya hewa kila asubuhi, na usiweke hema kando ya mto hata ukiuona umekauka.

Historia: mfalme mmoja, milima miwili

Auvergne imekaa kwenye njia kuu ya historia ya Ufaransa. Mwaka 52 KK, Vercingétorix, mtoto wa huku, alimrudisha nyuma Julius Caesar kwenye mlima wa Gergovia karibu na Clermont. Mtawa aliyelelewa Aurillac, Gerbert, alisoma Hispania akawa miongoni mwa wasomi wa kwanza wa Kilatini kufundisha tarakimu za Kiarabu, na mwaka 999 akawa Papa Sylvester wa Pili. Na ni Clermont, Novemba 1095, ambako Papa Urban wa Pili alihubiri vita vya kwanza vya msalaba. Kwa msomaji Mwislamu, kusimama mahali neno hilo liliposemwa si jambo dogo.

Nitasema ukweli wangu: majina haya ni makubwa, lakini mengi yamebaki sanamu na vibao. Kilichobaki hai ni makanisa ya karne ya 12, ya mawe, manene, yenye giza tulivu ndani. Orcival na Saint-Nectaire yasikupite.

Cévennes historia yake ni ya watu wadogo, na ndiyo iliyonishika. Karne ya 16 mabonde haya yalipokea Uprotestanti. Mwaka 1598 Amri ya Nantes iliwapa Waprotestanti wa Ufaransa haki ya kuabudu. Mwaka 1685 mfalme Louis wa 14 akaifuta. Makanisa yao yakabomolewa, wachungaji wakafukuzwa, watoto wakalazimishwa kubatizwa Kikatoliki. Watu wakawa wanasali usiku, maporini na mapangoni. Kukamatwa kwenye ibada hizo kulimpeleka mwanamume kwenye makasia ya merikebu za mfalme na mwanamke gerezani.

Usiku wa tarehe 24 Julai 1702, katika kijiji cha Le Pont-de-Montvert, kundi la wanaume lilishuka likiimba zaburi hadi kwenye nyumba ya padri du Chayla, aliyekuwa amefunga watu wao humo ndani na kuwatesa. Walitoa wafungwa, wakamuua padri. Ndivyo vilivyoanza vita vya Camisards, jina la waasi hao wa Kiprotestanti. Wapiganaji walikuwa wachunga kondoo, wachana sufu, waokaji. Jean Cavalier, mmoja wa viongozi wao, alikuwa mwanagenzi wa mwoka mikate mwenye umri wa miaka 20 na ushei, na alilitesa jeshi la mfalme aliyeogopwa kuliko wote Ulaya. Mwaka 1703 jeshi likachoma vijiji na vitongoji zaidi ya 400 ili waasi wakose chakula. Vita vikubwa viliisha 1704, lakini haki hazikurudi. Ni mwaka 1787 tu ndipo Waprotestanti walipoanza kuandikishwa ndoa, vizazi na vifo vyao bila kupitia kwa padri.

Tembea kutoka kijiji hadi kijiji na utaona jambo moja. Pembeni ya nyumba, kwenye kona ya shamba, kuna makaburi mawili matatu na mti mwembamba wa saipresi. Waprotestanti hawakuruhusiwa kuzikwa kwenye makaburi ya kanisa, basi waliwazika watu wao nyumbani. Mama yangu alipoyaona alisimama, akaniambia, "Kumbe na hawa wanazika shambani kama kwetu." Ilibidi nimweleze kwamba walianza kwa kunyimwa, ndipo ikawa desturi. Alikaa kimya mpaka tukafika kwenye gari.

Makumbusho ya historia hii, Musée du Désert, yako kitongoji cha Mas Soubeyran, kwenye nyumba aliyozaliwa Rolland, kiongozi mwingine wa Camisards. Jumapili ya kwanza ya Septemba maelfu ya Waprotestanti hukusanyika pale chini ya miti kusali. Ukitaka kwenda siku hiyo, tafuta chumba mapema.

Mfalme huyo huyo, miaka 20 kabla ya kuwafungia Cévennes makanisa, alikuwa amepeleka mahakimu Clermont, 1665, kuwahukumu mabwana wa Auvergne waliokuwa wakiwaonea wakulima. Wengi walikuwa wameshatoroka, wakahukumiwa kifo bila kuwapo. Auvergne mkono wa mfalme uliwaangukia mabwana. Cévennes uliwaangukia wakulima wenyewe, na bado wanalikumbuka hilo.

Ng'ombe kule, mti huku

Auvergne ni ng'ombe. Salers ni mwekundu wa kiza, manyoya ya kujikunja, pembe ndefu zilizoinuka kama kinubi. Nenda ukaone anavyokamuliwa, maana wachache bado wanakamua kwa desturi ya zamani. Salers hashushi maziwa bila ndama wake. Mfugaji humwita ndama kwa jina, akaja mbio akanyonya kidogo, kisha akafungwa kwenye mguu wa mbele wa mama yake. Mfugaji anamtupia ndama chumvi mgongoni, mama anamlamba, na maziwa yanaingia kwenye pipa la mbao. Mwishoni ndama anafunguliwa amalizie. Mfugaji wa ng'ombe wa kienyeji, awe wa Kajiado au wa Shinyanga, anaijua tabia hii vizuri kuliko Mparisi yeyote. Jibini la Salers hutengenezwa kati ya tarehe 15 Aprili na 15 Novemba tu, ng'ombe wakiwa malishoni, na zamani wachungaji walilala miezi hiyo juu mlimani katika vibanda vya mawe viitwavyo burons.

Majira ya baridi wanaume walihama. Wengi walikwenda Paris kubeba maji hadi kwenye nyumba za ghorofa, kisha kuuza makaa, kisha kuuza makaa na mvinyo katika duka moja, hadi mikahawa mingi ya Paris ikawa mikononi mwa watu wa Auvergne.

Cévennes ni mti. Mti wa châtaigne, ambao tunda lake la kahawia watu wa Ulaya huliuza limechomwa barabarani, huku uliitwa mti wa mkate, kwa sababu ngano haikuota. Karibu na kila kitongoji kuna kijumba cha mawe cha ghorofa moja, clède. Matunda yalimwagwa juu ya dari ya fito, chini ukawashwa moto wa moshi usio na mwali, wiki tatu nne bila kuzimika, mtu akiamka usiku kuuchochea. Kisha yalipigwa ndani ya gunia hadi maganda yatoke, yakawekwa kula mwaka mzima. Ingia kwenye clède iliyoachwa na unuse ukuta. Harufu ya moshi bado imo.

Mti wa pili ulikuwa mforsadi, mti wa dhahabu, kwa ajili ya viwavi wa hariri. Wanawake walibeba mayai ya viwavi katika kifuko kifuani ili joto la mwili liyaangue. Kisha kwa mwezi mzima nyumba yote ilichuma majani usiku na mchana, na viwavi walipokula pamoja sauti ilikuwa kama mvua juu ya miti. Katikati ya karne ya 19 ugonjwa uitwao pébrine ukawaua. Mwanasayansi Louis Pasteur alikuja Alès mwaka 1865, akaanzisha njia ya kupima nondo, yaani vipepeo wanaotaga mayai hayo, kwa hadubini na kutupa mayai ya wagonjwa, na ufugaji ukapata nafuu. Lakini hariri ya bei nafuu kutoka Asia, kisha nyuzi za viwandani, zikaumaliza. Kiwanda cha mwisho cha kusokota, Saint-Jean-du-Gard, kilifungwa 1965.

Watu wakaondoka. Mkoa wa Lozère, wenye sehemu kubwa ya Cévennes, una takriban watu 77,000, wachache kuliko mkoa wowote wa Ufaransa bara. Hifadhi ya taifa ilianzishwa 1970, na watu wanaishi hadi ndani ya kiini chake. Mwaka 2011 UNESCO iliziandika Causses (zile nyanda kavu za mawe ya chokaa) na Cévennes kwa sababu ya ufugaji wake wa kale, si kwa mandhari tu.

Nani aende wapi

Ukiwa na wazee au watoto wadogo, nenda Auvergne, bila kusitasita. Treni inakufikisha kileleni, maziwa ya kuogelea yapo, na Chaudes-Aigues kuna chemchemi inayotoka ardhini na nyuzi joto 82, maji yake yakipasha nyumba za mji joto tangu zama za kati. Treni kutoka Paris hadi Clermont ni kama saa tatu na nusu. Bila gari utaona Puy de Dôme, ila Cantal kodi gari.

Ukiwa mtembeaji, au umechoka na vivutio, nenda Cévennes. Njia ya miguu iitwayo GR 70 inafuata safari ya Mskoti mmoja aliyepita huku na punda mwaka 1878, na hadi leo unaweza kukodi punda akubebee mzigo. Ingia kupitia Nîmes, ambako treni ya kasi ya Paris inafika kwa saa tatu hivi, kisha Alès. Mabasi ya kupanda hadi mji mdogo wa Florac ni machache. Mei na Juni ndiyo miezi yangu. Agosti mito ni ya kuogelea lakini jua ni kali.

Chakula: Auvergne ni viazi na jibini, kizito na kitamu, lakini nyama ya nguruwe imejaa kila mahali. Truffade, chakula cha viazi na jibini, mara nyingi hukaangwa kwa mafuta ya nguruwe, kwa hiyo asiyekula aulize kabla ya kuagiza. Adesi za kijani za Le Puy zinapikwa vizuri bila nyama ukiomba. Cévennes ni rahisi zaidi: jibini dogo la mbuzi liitwalo pélardon, vitunguu vitamu vinavyolimwa kwenye zile ngazi za mawe, asali, samaki wa mtoni. Kwa bei, sijaona tofauti kubwa ya vyumba kati ya pande hizi.

Binafsi, ningerudi Cévennes kesho asubuhi. Lakini asiyeweza kuchagua namwambia hivi. Lala Clermont usiku tatu. Kisha panda treni ya kwenda Nîmes, reli iliyokamilika 1870, inayofuata makorongo ya mto Allier na kupita mahandaki kwa makumi kabla ya kushuka upande wa Mediterania. Utayaona mapaa yakibadilika dirishani, na miti ya châtaigne ikianza baada ya Villefort. Shuka Génolhac, lala hapo usiku tatu, na Mont Lozère iko juu yako. Treni ni chache kwa siku, na ukarabati huikatiza njia mara kwa mara. Angalia ratiba kabla ya kulipia chumba.